Damascène Alipotolewa Juani

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema msije mkapoteza muda kumtafuta mwingine. Wagombea walikuwa wengi pale uani, tena wengine na mapanga mkononi, lakini kura zote niliokota mimi.

Mama yangu alinibatiza Pacifique, yaani mtu wa amani, na tangu hapo sijaacha kupigwa. Kwetu Fizi, Kongo, nilipigwa na mwenye bunduki aliyetaka kamera yangu. Njiani nikapigwa na wengine waliodhani kamera ni bunduki. Nilipofika hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nikajiona nimehitimu, nimemaliza masomo ya ngumi. Kumbe ulibaki mtihani wa vitendo. Niliufanyia nyumbani kwa Mama Élyse, nikaacha hapo jino la mbele, na nikaona kwa macho yangu jinsi chupa ya wino inavyoweza kukaribia kuua mtu.

Kazi yangu ni foto. Nina kibanda Base Camp, printa ndogo, na betri ya gari inayojazwa na jua. Ubatizo niite, arusi niite, msiba niite. Msiba ndio unaolipa sana, maana marehemu hakatai mkao niliomchagulia.

Basi marehemu wetu ni Damascène, Mrundi, mkulima wa maharage, mtu wa kwaya. Jioni moja alikunywa pombe ya ndizi ya mkewe, kama tulivyokunywa wanaume wote wa mtaa ule, asubuhi akaamka na tumbo limevimba. Akapelekwa hospitali Mbarara, akarudi ndani ya sanduku. Daktari alisema ini lilikuwa limeharibika siku nyingi. Lakini daktari aliyasema hayo kwa Kiingereza, huko Mbarara, na Kiingereza kikifika Nakivale huwa kimechoka na safari.

Mdogo wake Damascène, Venuste, aliyasikia akacheka kwa pua. "Ini haliozi lenyewe," alisema. Na siku ya kuzika, udongo bado mbichi, akaapa mbele ya watu: tangu leo hataweka mdomoni kitu chochote kilichopita mkononi mwa Mama Élyse. Hata maji. Hata chumvi. Kiapo hicho alikishika kuliko wengine wanavyoshika amri za Mungu. Kila akija kwenye mambo ya familia alikuja na chupa yake ya maji, anaikumbatia kama mtoto mchanga.

Mama Élyse ndiye mjane. Jina lake la kanisani ni Léoncie, lakini kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, naye binti yake Élyse ameolewa kambi ya Oruchinga. Ni mama wa maneno machache, na hayo machache usiombe akugawie. Baada ya kilio alibaki nyumbani na mama mkwe wake, bibi Clémence. Venuste alitaka kumchukua mama yake. Bibi akamwambia: "Nitoke hapa niende wapi? Kwako wanapika bila chumvi."

Kwao Warundi, msiba hauishi siku ya kaburi. Watu hukaa na kilio miezi, kisha hukutana kuufunga rasmi, wanaita kuganduka. Kuna sala, kuna pombe, kuna hotuba, kisha picha ya marehemu inabebwa mbele ya watu wote mpaka kaburini. Siku hiyo ndiyo familia inasema kama ina neno na mjane au haina. Ikikosa neno, mjane amekuwa huru, anabaki na nyumba yake na shamba lake, anaruhusiwa hata kucheka. Ikiwa na neno… Hapo ndipo Mama Élyse alipokuwa anasimama, kwenye hiyo "ikiwa".

Bibi Clémence akanijia kibandani na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, kipande cha filamu nyeusi na nyeupe, kimefungwa kwenye kitambaa. Ni Damascène akiwa kijana, kola imesimama, macho yanacheka. Alipigwa huko Burundi na mupiga-foto wa misioni kabla hata hajajua kama duniani kuna Léoncie. Bibi alikimbia vita na kopo lile, sufuria aliiacha.

"Nataka huyu," akasema. "Si yule wa kadi ya ukimbizi. Yule wa kadi anafanana na mwizi."

Nikaiweka filamu juu ya kioo chenye mwanga, nikaipiga kwa simu, nikageuza nyeusi kuwa nyeupe, nikaitoa kwa wino mweusi mtupu. Hapo niwaeleze kidogo. Printa haina kijivu. Ina nyeusi tu, na karatasi ina nyeupe. Ukitaka kijivu kwa wino mweusi peke yake, inanyunyiza vitone, na pale ngozi inapopata mwanga vitone vinakaa mbali mbali, unavihesabu kwa macho. Damascène akatoka na mashavu kama aliyemwagiwa pilipili manga.

Bibi akaishika picha, akaipeleka karibu na jicho. "Mwanangu hakuugua ndui."

"Bibi, hiyo ni wino tu."

"Basi wino wako ndio una ndui. Nataka uso laini. Nikipitisha kidole, kisikwame."

Nikaenda Mbarara kwa Mutabazi. Mutabazi ni mtu wa Kakiika, mnene, ana ng'ombe kule nyumbani na studio mjini, na sijui kipi anakipenda zaidi. Kwake kuna mashine ya kusomea filamu na printa kubwa kama jeneza. Akaiingiza filamu, Damascène akatokea kwenye kioo na kila unywele wake.

"Ssebo, hii ni filamu mzuri," akasema; ssebo kwao ni bwana. "Sasa sikia. Ukitaka black and white ya kweli, kuna ile printa ingine. Mimi nimetoa rangi yote ndani, nimeweka nyeusi nimechanganya na maji yake: nyeusi kali, nyeusi nusu, nyeusi kidogo kabisa. Hiyo inapaka kijivu yenyewe, haitafuti vitone. Laini kama maziwa. Lakini imeziba, lazima nioshe. Kuja kesho."

"Kesho ndiyo wanaganduka, Mutabazi."

"Basi tufanye na hii ya rangi. Itachanganya bluu na nyekundu na njano, itakupa kijivu."

Akaitoa. Mungu wangu. Chini ya taa ndefu ya studio, Damascène alikuwa na ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Hakuna kitone, hakuna mstari, kivuli kinashuka shingoni polepole kama usingizi. Nikapiga mluzi.

"Toka nayo nje kwanza," Mutabazi akasema. "Rangi ya kuchanganya, ndani ya nyumba inakudanganya. Jua ndiyo inasema kweli."

"Jua nililiona tangu nizaliwe," nikamjibu. "Gari ndiyo sitaiona tena ikiondoka."

Nikachukua kwenye rafu yake chupa za wino ule ule wa rangi, niujaze kwenye printa yangu ndogo, nikakunja picha ndani ya bomba, nikakimbia. Mjinga huyo anakimbia. Ningekuwa na akili ya kuku ningesimama mlangoni tu, mguu mmoja nje.

Asubuhi ya sherehe uani kulijaa. Picha ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye fremu ya kioo, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa kila upande. Bibi Clémence alipitisha kidole kwenye shavu la mwanawe, hakikukwama. "Huyu sasa ni wangu," akasema, akanishika mkono. Nikajiona daktari.

Mimi niliweka meza yangu upenuni, printa juu, betri chini. Nikawapiga wanafamilia mmoja mmoja kwenye kiti. Nyeusi na nyeupe, kwa heshima ya siku. Kuzitoa nilipanga iwe baada ya kaburi, betri isije ikachoka kabla ya walevi. Venuste naye akakaa kitini, chupa yake ya maji katikati ya magoti, akainua kidevu kama mgombea.

Ndipo Mama Élyse akaleta mtungi. Desturi ya kwao, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wote, ili watu wajue ni safi. Akaingiza mrija, akavuta, akameza, akafungua mdomo kidogo ili waone. Kisha akampa mrija Venuste, mkubwa wa familia sasa.

Venuste akautazama ule mrija. Akafungua chupa yake ya maji, akanywa.

Watu wakaguna. Claude, binamu yao, mfyatua matofali mwenye viganja kama majembe, akarudisha nyuma mkono uliokuwa unaufuata mrija. Ilikuwa aibu nzito, nami kwa aibu nzito nina ugonjwa mmoja: mdomo unafunguka.

"Venuste," nikasema, "na hayo maji, umeonja wewe kwanza?"

Watu wakacheka. Venuste hakucheka. Alinitazama kama mtu anayeandika jina.

Katekista akauliza kama inavyopaswa: "Familia ina neno na mjane?"

"Neno tutasema kaburini," Venuste akajibu.

Basi wakaanza wimbo. Bibi Clémence akainua fremu kifuani, akatoka nayo mbele, akavuka kizingiti kutoka kivulini kuingia jua la saa sita.

Na Damascène akawa kijani.

Sisemi kijani cha jani. Kile cha nyama iliyolala. Kwenye paji la uso kilikuwa kidogo, kwenye mashavu kikazidi, na chini ya kidevu, pale kivuli kilipokuwa kinashuka polepole kama usingizi, shingo nzima ilikuwa imeoza. Wimbo ukakatika mdomoni mwa mmoja, kisha mwa mwingine. Mimi nilikuwa na kamera jichoni. Nikaishusha, nikasikia sauti ya Mutabazi sikioni kama yuko nyuma yangu: jua ndiyo inasema kweli.

"Shingo!" Venuste akapiga kelele. "Muangalie shingo!"

Kwao na kwetu, kwenye kila mtungi wa pombe, utafundishwa kwamba aliyelishwa sumu hugeuka kijani kuanzia shingoni. Hakuna aliyewahi kumwona mtu huyo, lakini kila mmoja ana shangazi aliyemwona.

"Marehemu amesema mwenyewe! Mulitaka ushahidi? Ule pale! Amekuja kusema kabla hatujamufunga!"

Claude akaupiga mtungi teke. Pombe ikatumwagikia miguuni, vigae vikaruka. Jiwe la kwanza sikuona limetoka kwa nani. Nililiona lilipofika: kwenye sikio la Mama Élyse, nalo sikio likapasuka kama nyanya. Hakupiga yowe. Aliweka mkono pale, akautazama mkono, na kabla hajaushusha Claude alikuwa ameshamkamata kilemba, amemvuta chini, na watu waliokuwa wanaimba Bikira Maria wakaanza kumpiga mateke. Nakumbuka viatu. Viatu vya kanisani, vimepakwa rangi asubuhi ile. Nakumbuka mwanamke mmoja, jirani wa kuazimana moto, akimpiga kwa fimbo ya kubebea msalaba. Niliisikia mbavu. Mbavu ikivunjika inalia kama kuni mbichi.

Nikajitupa katikati. Si ushujaa, nilijua ile rangi imetoka chupa gani. "Batu, musikie! Ni wino! Ni wino tu ya Mbarara! Hii foto iko ya zamani, hakukuwa hata kumuoa bado!"

"Wafu hawana kalenda," Claude akasema, akanipiga.

Ngumi ya mfyatua matofali haina haraka. Inakuja nzima. Nilikaa chini bila kupenda, nikatema jino kiganjani, nikalitazama: jeupe pepepe, halina kijani hata chembe. Nilitaka kuwaonyesha hilo pia, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu.

Hapo nikafanya ujinga wa pili, maana mmoja haukunitosha. Nikamkimbilia bibi Clémence, nikaishika fremu pamoja naye, nikarudi nayo kinyumenyume mpaka chini ya paa. Kivulini, Damascène akarudi kijivu, laini, mzuri, kola imesimama. "Munaona? Munaona? Ndani iko sawa! Ni jua tu!"

Wakasogea kutazama. Nikadhani nimeshinda.

"Sawasawa," Venuste akasema taratibu. "Munaona, watu? Ndani ya nyumba ya huyu mwanamke, kaka yangu anafungwa mdomo. Akitoka nje, anasema."

Nawaambieni ukweli, hoja ile hata mimi ilinigusa.

Wakanirukia. Mmoja alinipiga na mguu wa kiti changu mwenyewe, kile nilichowakalishia wakajiweka sawa. Lakini kwa kunipiga mimi walimsahau Mama Élyse dakika ile, naye akatambaa, akasimama, akaingia ndani, akapiga komeo. Bibi Clémence akakaa chini kwenye kizingiti, fremu mapajani, miguu ameinyoosha kama anayeota jua.

"Pita juu yangu," akamwambia mwanawe.

Venuste akamshika mama yake mkono, akamvuta. Bibi hakuwa na uzito wowote. Akaanguka ubavu, fremu chini yake, kioo kikavunjika na kumchana kiganja. Watu wakavuta pumzi wote pamoja. Nikasema moyoni, sasa wataona haya. Pumzi wakaivuta, haya hawakuiona. Mtu mmoja akaja na jeri ya mafuta ya taa kutoka duka la jirani, akayamwaga kwenye mlango, yakashuka mpaka kwenye kanga ya bibi. Claude akaokota panga, lile lililokuwa la kukatia ndizi za sherehe, akazunguka upande wa dirisha.

Dirisha lile ni la mbao, halina kitasa. Mama Élyse alikuwa amelishika kwa ndani kwa vidole. Claude akakata mbao. Akakata tena. Pigo la tatu halikusikika kama mbao, na ndipo kwa mara ya kwanza yule mama akalia, mara moja tu, kwa sauti fupi.

Mimi nilikuwa nimeangukia chini ya meza yangu. Jicho moja limejifunga. La pili lilikuwa linaitazama betri, waya wake mwekundu umechomoka, na kamera bado ipo shingoni mwangu. Kamera hiyo imekula vipigo vyangu vyote na haijawahi kuniuliza. Ndani yake, kati ya watu wa asubuhi, alikuwamo Venuste na kidevu juu.

Wino ule ule. Jua lile lile.

Nikaurudisha waya. Vidole vilikuwa vinateleza kwa damu, nikavipangusa kwenye suruali. Nikashusha printa kivulini chini ya meza, nikatoa kadi ndogo kwenye kamera, nikaichomeka. Printa ikakohoa. Krr. Ikanyamaza. Nikaisihi kwa Kibembe cha kwetu, nikaisihi kwa Kifaransa. Krr, krr, ikaanza.

Mguu ukanipiga mgongoni. Alikuwa yule wa mafuta ya taa, kiberiti mkononi. "Wewe! Unafanya nini huko?"

"Kazi yangu," nikasema, na kwa lile pengo jipya maneno yalitoka na upepo. "Nataka kuwatolea foto mbele ya nyumba kabla haijaungua. Hamutaki kumbukumbu?"

Haki ya Mungu, alinyoosha kola yake. Akasubiri.

Mmewahi kutazama picha ikitoka kwenye printa ndogo ya bei nafuu? Inatoka kwa utepe mwembamba, inasimama, inafikiri. Nywele za Venuste. Panga linapiga dirisha. Paji la uso. Kipande cha mbao kinaanguka ndani. Macho. "Mutoke naye!" sauti inasema. Pua. Midomo. Mama Élyse halii tena, na hilo likanitisha kuliko kilio. Nilihitaji shingo. Bila shingo sina kitu. Venuste wa watu alikuwa na shingo ndefu, sijawahi kuona shingo ndefu kama ile.

Picha ikaanguka mkononi mwangu. Pale chini ya meza alikuwa kijivu, laini kama maziwa, kazi safi kabisa. Nikatambaa nayo mpaka kwa bibi Clémence, aliyekuwa amekaa tena kizingitini, kiganja kinavuja, mafuta ya taa yanamnukia mwilini. Nikamwekea picha mapajani. Sikuweza kusema vizuri, nikamwonyesha jua.

Bibi akaitazama picha. Akanitazama mimi. Bibi yule si mtu wa kuelezwa mara mbili. Akaokota picha ya Damascène kwenye vioo, akaishika mkono huu, ya Venuste mkono ule, akanyanyuka, akatoka uani, akaziinua zote mbili juani, shingo kwa shingo.

Walikuwa ndugu hasa. Kijani kimoja.

Wa kwanza kuona alikuwa mwenye kiberiti. "Yule si Venuste?" akasema.

"Ni Venuste."

"Mbona na yeye…"

Wakaanza kusogea, wanainua shingo zao. Mmoja akajigusa koo. Claude akaja kutoka dirishani, panga lina damu, akaitazama picha, akamtazama binamu yake aliye hai, akarudi kwenye picha. Nikasukuma neno kupitia pengo: "Wi-no."

Ingekuwa hadithi ya padri, ingeishia hapo. Lakini Venuste alikuwa ameziona zile picha pia, na niliona uso wake wa kweli ukipoteza damu. Sidhani alikuwa anadanganya. Nadhani aliogopa, na mtu mwenye hofu ni hatari kuliko mwongo. Akajishika shingo kwa mikono yote miwili.

"Amenilisha!" akapiga yowe. "Na mimi amenilisha! Anataka kumaliza ukoo wote! Munangoja nini? Munangoja na ninyi muoze? Choma!"

Na wale watu, wale wale waliokuwa wanajikuna vichwa, wakapiga hatua mbele. Nililiona wimbi likirudi, kubwa kuliko la kwanza. Njiti ya kiberiti ikawaka. Bibi Clémence akageuka, akaenda kuurudia mlango, ameshika wanawe wawili wa kijani kifuani.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mama Élyse alitoka polepole kwa sababu ya ubavu. Sikio lilikuwa limening'inia. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwenye kile kitambaa cheupe cha mezani, nacho kilikuwa si cheupe tena. Alikanyaga mafuta ya taa, akampita mama mkwe wake, akampita Claude na panga lake kana kwamba ni mti. Chupa ya maji ya Venuste ilikuwa imeviringika kwenye matope ya pombe. Akainama, na kuinama huko kulimchukua muda, akaiokota kwa mkono mzima. Ilikuwa imebaki nusu. Akamnyooshea. Venuste hakuipokea. Njiti ilizimika vidoleni mwa yule mtu bila kuwashwa nyingine, na Claude alishusha panga kabla mama yule hajafika mwisho wa maneno yake.

"Shemeji," alisema, "tangu tumzike kaka yako hujaonja kwangu hata chumvi, watu wote hawa ni mashahidi, na maji yako ndiyo haya. Sasa waambie: hiyo sumu, wewe umeilia kwa nani?"